Verlon Tidwell na Lori la Chumvi

Verlon Tidwell aliuza magodoro mjini Tarrow, Alabama, kusini mwa Marekani kwenye joto, kwa miaka mingi kiasi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, nusu ya mji ilizaliwa juu ya bidhaa zake na nusu iliyobaki mimba zake zilitungwa hapo hapo. Utani huo alimpa kila mteja, hata mchungaji wake, hata wajane waliokuja kutafuta kitanda cha mtu mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alichangia kanisani, alibeba majeneza ya watu aliowajua kidogo tu, na mkewe Opaline hakuwahi kulala njaa wala kutukanwa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona watu wengi wamenyamaza mahali bila kuwasemesha.

Halafu kulikuwa na pikapu yake. Ilikwenda juu kiasi kwamba Opaline, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu, aliwekewa kigoda cha kupandia, na matairi yake yalikuwa na meno makubwa ya kupitia matopeni. Matope hayo hayakuwahi kuonekana. Kila Jumamosi Verlon aliiosha, akaipaka nta, akaiendesha hadi dukani na kuirudisha nyumbani, njia yote lami tupu. Mtu akimuuliza gari la namna ile ni la nini, alijibu, "La siku ya siku," kisha akatazama mbali kama mtu aliyekwisha kupewa habari za siku hiyo.

Bi Ernestine Battle naye hakuwa mtu rahisi. Alizaliwa Tarrow, akaolewa akapelekwa Detroit, mji wa kaskazini wenye baridi kali, akakaa huko zaidi ya miaka thelathini, na alipofiwa na mumewe akarudi na makoti mazito ya sufu na mazoea ya kuanza kila neno kwa "kule Detroit." Kule Detroit nyama haikaushwi hivi. Kule Detroit mazishi hayachelewi. Watu wa kanisa lake walimheshimu kwa sababu ya umri na kumkwepa kwa sababu ya Detroit. Ndiye aliyesimama mbele ya baraza la madiwani, mwaka mmoja kabla ya mkasa huu, akaomba mji ununue lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, kwa kuwa majira yamebadilika na theluji ikija itawakuta wamelala.

Alisema vizuri, lakini alisema kirefu mno, na Detroit ilitajwa mara nyingi kuliko Tarrow. Ukumbi ukaanza kupiga miayo. Verlon, aliyekuwa amekwenda pale kwa shauri la bango la duka lake, akaona watu wote wale wamekaa kimya. Ugonjwa ukampanda. Akainuka.

"Mheshimiwa meya," akasema, "kununua lori la chumvi Alabama ni sawa na kumnunulia samaki mwavuli."

Ukumbi ukaangua kicheko. Diwani mmoja alicheka hadi akavua miwani na kuifuta. Meya, ambaye hakuwa na nia ya kununua kitu chochote mpaka uchaguzi upite, alishukuru moyoni na kuifunga hoja. Gazeti la mji likayachapisha maneno yale. Verlon akayakata, akayatia kwenye fremu, akayatundika nyuma ya meza ya kulipia, chini ya kichwa cha paa aliyempiga risasi mwenyewe. Bi Ernestine alitoka ukumbini ameinua kidevu, na tangu siku hiyo akimkuta Verlon njiani alimtazama kama mtu anavyotazama nguzo ya umeme.

Theluji ilikuja Jumanne moja ya Januari. Watabiri walikuwa wamesema itapita kusini na kwenda kumalizikia baharini. Meya akatangaza redioni kwamba kila mtu aende kazini kama kawaida na asisikilize wavumishi. Watu wa Tarrow walikuwa wamekwisha kufanya kile wanachofanya kila wakisikia neno theluji: walikwenda madukani wakanunua mikate yote na maziwa yote, hata wale ambao maziwa huwavuruga tumbo, wakarudi nyumbani roho zimetulia.

Karibu na adhuhuri ikaanza kudondoka. Ilikuwa theluji kidogo tu, ya aibu, ambayo kaskazini watu wangeifagia kwa ufagio wa jikoni. Lakini ilipogusa chini iliyeyuka, kisha ikaganda, na juu ya barafu hiyo ikadondoka nyingine. Hapo ndipo mji ulipotumia akili zake zote kwa mpigo. Shule, ofisi, viwanda na mahakama viliwaruhusu watu waende nyumbani wakati ule ule mmoja. Tarrow nzima ikaingia barabarani, kila mtu peke yake ndani ya gari lake, kila mtu akikanyaga breki kwa nguvu aliyopewa na Mungu. Magari yakaanza kuzunguka polepole kama wazee wanaocheza dansi harusini. Basi la shule likakingama kwenye makutano na kukaa hapo. Na gari moja tu la mji la kumwaga mchanga ili matairi yasiteleze, lililotegemewa na wote, likanasa kwenye foleni ile ile lililotumwa kwenda kuifungua.

Verlon aliyaona haya yote kupitia kioo cha duka, na tuseme kweli, moyo wake ulijaa furaha. Akachukua mnyororo wa kukokotea magari, ambao ulikuwa bado na karatasi ya dukani, akauviringisha begani. Simu ikalia. Alikuwa Opaline.

"Usitoke," Opaline akasema, bila salamu.

"Kuna watu wamekwama, mama. Nakwenda kuwavuta."

"Verlon, una duka zima la vitanda. Ukilala hapo leo, hufi."

"Gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne."

"Na litateleza kwa hayo hayo manne. Kwani hilo gari limewahi kuvuta nini zaidi ya macho ya watu?"

"Nitakupigia," akasema Verlon, na kukata simu.

Akatoka na shati la mikono mifupi lenye jina la duka kifuani, kwa sababu koti lingelifunika jina. Akashika njia ya kilima cha Dogwood, ambako magari yalikuwa yametapakaa kama vyombo baada ya karamu. Pikapu ikapanda. Matairi yakauma barafu, yakateleza, yakauma tena, na kila alipolipita gari lililokwama Verlon alipiga honi na kuinua mkono. Mwanamume mmoja mwenye watoto wawili alimsimamisha. Verlon akamwambia atarudi kumchukua. Alitaka kwanza afike juu, ambako angeonekana vizuri zaidi. Mama mmoja naye akaambiwa hivyo hivyo. Mnyororo ulikuwa umelala kwenye kiti cha abiria, na karatasi yake haijabanduliwa.

Alipokaribia kileleni akaona gari la zamani la rangi ya zabibu limetumbukia mtaroni, matako yakiwa chini na pua ikitazama barabarani. Ndani yake alikaa Bi Ernestine Battle, koti limefungwa hadi shingoni, kofia imenyooka, mikono kwenye usukani kana kwamba bado anaendesha. Verlon hakuamini bahati yake. Kumbe Detroit nayo huteleza. Angeweza kupita. Pikapu ilikuwa inakwenda, kilele kilikuwa pale pale mbele yake. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumjia mdomoni, na neno likimjia Verlon halirudi lilikotoka. Akashusha kioo.

"Bi Battle," akaita, "kule Detroit huwa mnaegesha hivyo?"

Na ili asikie atajibiwa nini, akakanyaga breki.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hawakusema ukingo wenyewe unaweza kuja polepole namna gani. Pikapu iligeuka ubavu, ikageuka mgongo, ikaanza kuteremka kinyumenyume bila haraka yoyote, na muda wote huo Verlon na Bi Ernestine walikuwa wakitazamana kupitia madirisha kama watu wawili wanaopishana kwenye ngazi. Alizungusha usukani kulia. Haikusaidia. Alizungusha kushoto. Pikapu ikafikiria kidogo, ikaingia mtaroni nyuma kwanza, mbele kidogo ya lile gari la zabibu, na bampa yake ya nyuma ikaligonga taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

Bi Ernestine akashusha kioo kwa upana wa kidole.

"Karibu," akasema, na kukipandisha.

Verlon alikanyaga mafuta. Matairi yenye meno yakazunguka bure na kurusha tope jeusi hadi juu ya paa la gari lake. Akakanyaga tena, na tena, akaimaliza petroli, ambayo hakuwa na desturi ya kuijaza kwa kuwa duka lilikuwa karibu na nyumbani. Injini ikakohoa na kufa. Kipasha joto kikafa nayo. Alijikaza kisabuni kwa muda, akiimba wimbo wa kanisani kuonyesha kwamba hana shida. Alipofika ubeti ambao meno hayakumruhusu kuutamka, akashuka, akaanguka mara mbili katika mwendo wa hatua chache, akagonga kioo cha Bi Ernestine.

"Nani?" akauliza Bi Ernestine, ingawa pua zao zilikuwa karibu kugusana.

"Mimi, Verlon Tidwell."

"Tidwell yupi?"

"Wa magodoro, Bi Battle. Nifungulie, mama, baridi inaniua."

"Baridi gani tena? Hii hii ya Alabama?"

Verlon akaweka mikono kwapani. Hakuwa na la kusema, na kwa mtu kama yeye hilo liliuma kuliko baridi.

"Nitakufungulia," akasema Bi Ernestine. "Kwanza niambie lile neno lako. Lile la samaki."

"Bi Battle, jamani."

"Sikuwahi kulisikia vizuri. Siku ile watu walikuwa wanacheka."

Akalisema, akigugumia, huku midomo imekuwa ya bluu.

"Sauti, Bwana Tidwell. Kule ukumbini ulisema kwa sauti."

Akalisema tena, kwa sauti, lote, kuanzia lori hadi mwavuli, peke yake mtaroni, theluji ikimtua kwenye upara. Hakuna aliyecheka. Mlango ukafunguka.

Ndani mlikuwa na joto. Mlikuwa na blanketi, chupa ya kahawa, na mfuko wa karanga za kuchemsha. Bi Ernestine alimtupia blanketi bila kumtazama. Walikaa wakisikiliza redio, ambako meya alikuwa akieleza kwamba mji ulikuwa umejiandaa vya kutosha ila theluji ndiyo iliyokosea njia.

Hatimaye Verlon, joto lilipomrudishia ulimi, akauliza, "Lakini wewe umeingiaje humu? Mtu wa kule kule?"

"Kule barabara zinamwagiwa chumvi. Ndicho nilichokuwa nawaeleza, nyie mkaniletea habari za samaki." Akamenya karanga, akaitafuna, akaitazama foleni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Halafu kule nilikuwa napanda basi."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Gari alikuwa anaendesha marehemu."

Verlon alicheka hadi blanketi likamdondoka. Bi Ernestine alimngoja amalize, uso mkavu, kisha akauondoa mfuko wa karanga karibu naye na kuuweka upande wa dirisha. Haukurudi mpaka alipoomba radhi.

Jioni ilipoanza kuingia, mtu mmoja akaja akiteremka kilima kwa miguu, koleo begani. Alikuwa Rufus Kirby, dereva wa lile gari la mchanga. Waligonga kioo kumwita, akaingia kiti cha nyuma na barafu yake yote.

"Gari lako liko wapi, kijana?" Bi Ernestine akauliza.

"Juu kule kwenye foleni, mama. Limelala ubavu."

"Na mchanga?"

Rufus akakuna shingo. "Mchanga uliisha asubuhi."

"Theluji imeanza adhuhuri."

"Ndiyo, mama. Lakini niliambiwa nianzie nyumbani kwa meya, pale anapotokea na gari. Pana mteremko. Halafu kwa mama mkwe wake. Na mama mkwe ana uwanja mkubwa."

Redioni meya alikuwa bado anazungumza. Bi Ernestine akanyoosha mkono na kumzima.

"Bwana Tidwell," akasema, "duka lako liko chini ya kilima hiki, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Lina joto?"

"Linalo." Verlon akaanza kuona mazungumzo yanakoelekea. "Lakini Bi Battle, yale ni magodoro mapya."

"Kwani watu hawa ni wa zamani?"

Walishuka kilima pamoja, Rufus mbele akichimbia koleo kwenye barafu, Bi Ernestine amemshika mkono, na Verlon nyuma amejifunga blanketi kama bibi harusi. Kila gari walilolifikia, Bi Ernestine aligonga kioo kwa pete yake na kusema, "Tokeni, twendeni kwa Tidwell, amefungua." Wakati huo alikuwa hajafungua. Yule mwanamume mwenye watoto wawili alikuwa bado pale pale alipoahidiwa. Alimtazama Verlon, akalitazama blanketi, akawanyanyua wanawe na kufuata. Mpaka wanafika chini walikuwa msafara mzima, na Verlon alipotia ufunguo mlangoni alihisi macho yote yale mgongoni mwake. Hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alifanya jambo jema bila kulisemea. Alikaa kando ya mlango na kuushikilia mpaka mtu wa mwisho akaingia.

Ukimya huo haukudumu. Aliwaomba wavue viatu. Aliwaomba wasikae pembeni mwa magodoro, maana pembeni hubonyea. Aliwakataza kuondoa nailoni, na hilo tu ndilo alilolishikilia hadi mwisho, ila kwa mtu mmoja, kwa hiyo watu walilala usiku ule juu ya nailoni, na kila mmoja alipojigeuza palisikika mlio kama wa mafuta ya nguruwe kikaangoni. Mikate na maziwa ambayo baadhi yao walikuwa wamenunua tena adhuhuri hiyo kwa hofu viligawanywa vikatosha. Bi Ernestine alitundika koti lake lililolowa kwenye pembe za kile kichwa cha paa ukutani, likaifunika fremu ya maneno ya samaki iliyokuwa chini yake. Kisha akapita katikati ya vitanda akivibonyeza kimoja kimoja, akakichagua kile cha bei ya juu kuliko vyote, akaondoa nailoni mwenyewe na kuitupa sakafuni. Verlon aliiokota na kuikunja. Bi Ernestine alikuwa amekwisha kuanza kukoroma.

Verlon alikosa kitanda. Alilala kwenye kiti cha meza ya kulipia, baada ya kumpigia Opaline na kumwambia kwamba yuko dukani salama.

"Uliwavuta wangapi?" Opaline akauliza.

"Wengi," akasema Verlon.

Jua lilipotoka kesho yake likayeyusha kila kitu, na kufikia alasiri Tarrow ilikuwa na madimbwi, magari yaliyotelekezwa, na shauku ya kumpata wa kulaumiwa. Kikao cha madiwani kilichofuata kilijaa hadi watu wakasimama kwenye korido. Bi Ernestine alisimama, akasema yale yale aliyoyasema mwaka uliopita, kirefu vile vile, na safari hii hakuna aliyepiga miayo. Kabla hajakaa, Verlon akainuka.

"Kama nilivyosema siku zote," akaanza, "usalama wa barabara si jambo la mzaha."

Akapigiwa makofi. Wengine walikuwa wamelala kwake, na mtu aliyekulaza kwake humkumbushi maneno yake. Meya, ambaye uchaguzi wake ulikuwa mlangoni, alitangaza kwamba lori la chumvi lilikuwa ndoto yake ya muda mrefu. Likanunuliwa, kuukuu, kutoka mji mmoja wa kaskazini uliokuwa umelichoka. Siku ya kulizindua meya alikata utepe na Verlon akasimama kando yake, mkono juu ya bampa, akipigwa picha. Bi Ernestine hakuwapo. Hakuna aliyekumbuka kumwalika. Rufus Kirby naye hakuwapo. Habari za uwanja wa mama mkwe zilikuwa zimesambaa, na wakubwa walimhamishia makaburini akakate majani.

Mwezi wa tatu, joto liliporudi na watu kuanza kufungua madirisha, duka la Verlon lilijaa wanunuzi kuliko wakati wowote. Walikuja kwa magodoro, lakini walikuja pia kwa hadithi, na hadithi ilikuwa imekua. Karanga zilikuwa zimekuwa za Verlon. Blanketi pia. Jumamosi moja alikuwa katikati ya maelezo hayo, mikono hewani, wateja wamemzunguka.

"Mama wa watu amekaa mtaroni, anatetemeka, hana hata kahawa," alikuwa akisema. "Nikamwambia, Bi Battle, usiogope. Nikaung'oa mlango kwa mkono mmoja, nikamtia mgongoni..."

Mlio wa kitanda ukasikika nyuma ya wateja. Bi Ernestine Battle alikuwa amekaa kwenye kile cha bei ya juu, mkoba magotini, kofia imenyooka. Hakuna aliyekuwa amemwona akiingia. Wateja wakageuka, wakamtazama yeye, wakamtazama Verlon, ambaye mikono yake ilikuwa bado hewani.

"Endelea, Bwana Tidwell," akasema Bi Ernestine. "Na mimi nataka kujua niliokokaje."

Mtu mwingine angenyamaza. Verlon akakohoa, akavuta suruali yake juu, akaendelea.